Mwalimu na Bwana wa Praga

Tulimwita Mwalimu, ingawa kwa miaka niliyokaa jirani naye Maskati hakuwa na darasa wala ubao, na hakuna aliyempa ruhusa ya kufundisha. Skuli zenyewe nchi nzima zilikuwa chache mno, na zilikuwa za wavulana watupu. Jina alikuja nalo kutoka Unguja, katika meli ile ile iliyotuleta sisi mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi.

Mambo ya kuzaliwa kwake na ya ukoo wake nawaachia wanaoyajua. Mimi nilimjua kwa ujirani. Mlango wake na wetu uliangaliana, nje kidogo ya ukuta wa mji, chini ya majabali meusi ambayo mwezi wa sita yanatoa joto kama jiko lililosahauliwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikatwa na mashine ya kuchapia huko Praga, alikokwenda ujanani kusomea uchapaji. Hakuoa. Aliishi na dada yake, Bi Zuwena, mwanamke mkimya aliyempikia mara tatu kwa siku, na mimi sikumbuki kumsikia kaka mtu akimwambia ahsante. Nilipomlaumu siku moja, alishangaa kwa dhati.

"Zuwena anajua kama nnashukuru," alisema.

"Amejuaje?"

"Nnakula chote."

Alikuwa na maradhi ya kusahihisha. Akiletewa kopo la maziwa ya unga, kabla ya kulifungua husoma maandishi yote yaliyoandikwa juu yake, na akiona kosa hulizungushia duara kwa penseli. Barua za jamaa zetu kutoka Mombasa na Dar es Salaam, ambazo wengine walimletea awasomee, alizirudisha zimejaa alama za pembeni. Mama mmoja aligombana naye kwa kuwa barua ya msiba ya mwanawe ilirudi imesahihishwa nukta na mkato. "Neno moja likikaa vibaya," alikuwa akisema, "mstari mzima unachechemea." Alisema hivyo juu ya barua, juu ya khutba ya Ijumaa, hata juu ya mume wangu, Nassor, ambaye alikuwa karani forodhani na aliyependa kutumia maneno makubwa.

Alikuwa mwoga. Nalisema kwa kuwa watu siku hizi wanamsimulia kama simba. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na akiona mende hupanda juu ya kiti. Zaidi ya yote aliwaogopa watu wenye kuuliza maswali. Sisi tuliorudi nchi ya mababu tulikuwa Waarabu tusiokijua Kiarabu sawasawa, na tulitazamwa. Kila jambo lilitaka ruhusa: kusafiri, kujenga, kuleta kitabu. Kusini kulikuwa na vita, na mtu akijulikana tu kuwa amesoma katika nchi ya kikomunisti, hilo peke yake lilitosha kumwondoa nyumbani kwake. Kwa hivyo Mwalimu alituapisha, mimi na mume wangu, tukiulizwa tuseme alisoma Misri. Alitufundisha hata mitaa ya Kairo, ambayo yeye mwenyewe aliipita kwa siku nne tu. Lakini huyo huyo, akikumbuka jambo la kuchekesha katikati ya soko la Matrah, alicheka kwa sauti ya kugeuza vichwa vya watu, na akianza kusimulia ya Praga hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Na aliyependa kumsimulia alikuwa mtu mmoja. Jina lake silijui mpaka leo; alikuwa "yule bwana".

Yule bwana alikuwa mwandishi wa hadithi na tamthilia, Mcheki, mtu mzima mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Zamani alikuwa karani wa reli. Tamthilia yake ya kwanza ilihusu mkuu wa stesheni anayetangaza kila siku kwamba treni imefika, na abiria wanaopanda treni isiyokuwapo kwa kuwa hawataki kumwaibisha. Watu walicheka mji mzima. Wajerumani walipoitwaa nchi yake, alikatazwa, akaandika kwa jina la shemeji yake aliyekufa. Vita vikaisha, akapewa heshima zote, picha yake ikabandikwa ukutani kwenye ukumbi wa michezo. Baada ya miaka michache watawala wapya nao wakamchoka. Picha ikabanduliwa. Wakampeleka kwenye kiwanda cha uchapaji, asahihishe kurasa kabla hazijachapwa: ratiba za treni, vitabu vya mapishi, maelezo ya mashine za kushonea.

Hapo ndipo Mwalimu alipomkuta. Mwanafunzi mweusi kutoka Unguja akipanga herufi za madini ya risasi, na mwandishi aliyefukuzwa akisoma nyuma yake. Yule bwana alimfundisha Kicheki kwa vitabu vya mapishi. Mwalimu alituapia kwamba katika kimoja yule bwana aliingiza maneno yake mwenyewe, "chemsha mpaka jirani agonge mlango", na kitabu kikauzwa hivyo hivyo nchi nzima. Jioni aliandika hadithi za watoto na kuzitoa kwa jina la mkewe. Na katika yote hayo, Mwalimu alisema, hakuwahi kumsikia akijiita shujaa. Alijiita mtu anayependa kuandika na asiyejua kazi nyengine.

Kisha mambo yalilegea kidogo, wakamruhusu kuchapisha tamthilia moja. Mwalimu mwenyewe alipanga herufi zake. Siku ya pili amri ikaja kwamba herufi zivunjwe, kitabu kisitoke. Kabla ya kuzivunja, Mwalimu akachapa nakala moja, ukurasa kwa ukurasa. Siku hiyo, kwa haraka na woga, ndipo vidole viwili viliponaswa. Yule bwana alikuja kumtazama hospitali, akamwambia, "Sasa ni yako. Ukiweza, ipe lugha ambayo hawa hawaijui."

Nakala ile Mwalimu aliishonea jalada la kitabu cha mapishi, lenye picha ya bata aliyeokwa. Imepita Unguja, imepita mapinduzi, imefika Maskati ndani ya sanduku la bati, chini ya sufuria za Bi Zuwena.

Tamthilia iliitwa, kwa maneno ya Mwalimu, *Mwenye Nyumba Amelala*. Wapangaji kumi na mmoja wanaishi katika nyumba moja. Mwenye nyumba yuko ghorofani, amelala, ni mzee, na ana hasira akiamshwa. Kwa hivyo wote wanatembea bila viatu na kunong'ona. Harusi inafanywa kwa kunong'ona, mtoto anazaliwa kwa kunong'ona. Chakula chake kinapandishwa kila siku na sahani inarudi tupu. Mwisho inajulikana kwamba ghorofani hakuna mtu kwa miaka mingi, na chakula kinaliwa na mlinzi wa ngazi. Na hata baada ya kujua, wapangaji wanaendelea kunong'ona.

Iliandikwa Praga, kwa watu wa Praga. Lakini mtawala wetu wa siku zile alikaa mbali, kusini, na wengi mjini kwa miaka walikuwa hawajamwona kwa macho. Wako waliosema hayupo tena. Mtu angeisoma tamthilia ile Maskati asingehitaji kuelezwa.

Mwaka wa sitini na saba Mwalimu aliniomba nimwandikie. Mimi nilikuwa nimesoma skuli ya wasichana Unguja, na nilikuwa na mwandiko mzuri, jambo nililojivunia kuliko sura yangu. Alinionyesha mkono wake wenye vidole vitatu. "Mimi kalamu siiwezi," alisema. "Wewe uje kwa Zuwena kushona kofia, kama kawaida yako. Mimi nitasema, wewe utaandika." Nilijua ni kitabu cha wapi. Hakuniambia kisa kinaelekea wapi mpaka tulipofika katikati, na hapo nilikuwa nimeshawapenda wale wapangaji.

Nilimficha mume wangu. Daftari liliingia chini ya kapu la kofia na kutoka chini ya kapu la kofia. Asubuhi, Nassor akishakwenda kazini, mimi na Bi Zuwena tulikaa upande mmoja wa chumba, Mwalimu upande wa mlangoni, bata wake mkononi, akisoma Kicheki polepole na kukigeuza. Mara nyingi nilimkatiza. Dobi wa mle ndani alipomwambia bibi harusi, "Nakutakia maisha yenye furaha tele," nilikataa kuandika.

"Dobi hasemi hivyo," nilimwambia.

"Atasema vipi?"

"Atamwambia, shoga, bwana huyu nguo zake mimi nnazifua. Si mchafu. Basi mengine utayajua mwenyewe."

Mwalimu alicheka mpaka Bi Zuwena akaenda kufunga dirisha. Yakaandikwa maneno ya dobi. Tangu hapo kila mwanamke aliyeingia kwenye ukurasa alipita kwangu kwanza, na Mwalimu, aliyesahihisha hata makopo ya maziwa, hakunisahihisha. Tulichukua miezi saba. Madaftari yalikuwa matano.

Mwaka uliofuata vifaru vya Warusi viliingia Praga. Jirani mmoja alisikia kwenye redio ya Kiarabu akatusimulia barazani kama khabari ya mbali. Mwalimu alisikiliza, akauliza bei ya samaki, akaingia ndani. Siku tatu hakutoka. Bi Zuwena aliniambia kaka yake anakaa kitako na kitabu mapajani bila ya kukifungua.

Miezi ikapita, ndipo ikaja barua. Ilitoka kwa mke wa yule bwana, ilipitia Bombay, na ilipomfikia Mwalimu ilikuwa imeshafunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbaya. Mumewe amefariki, ndivyo alivyoandika. Alikuwa amerudishwa kazini kwenye usahihishaji, na moyo ulimsimama akiwa mezani. Mwalimu alitusomea, mimi na dada yake, na alipomaliza akaikunja akasema, "Wameisoma. Watakuja."

"Tuyachome madaftari," nilisema.

"Yeye amekufa," alisema. "Nnachoma nini tena?"

Nilimwambia pale pale kwamba ana wazimu. Nilimwambia mwandiko ni wangu. Alinitazama, akasema ataangalia pa kuyaficha. Walikuja baada ya siku mbili, asubuhi, watu wanne. Nilisimama nyuma ya mlango wangu, nikitazama kwenye ufa, na wa kwao uko wazi. Walipekua sanduku, godoro, mitungi. Kitabu chenye picha ya bata mmoja wao alikifungua, akakifunga, akakitupa juu ya sufuria. Bi Zuwena akakichukua akakipangusa unga. Madaftari matano waliyakuta katika kapu la kofia zilizokwisha. Ndipo alipoyaficha, mahali ambapo mimi ndiye nilikuwa nikiyaficha. Wakaondoka nayo, na Mwalimu katikati yao, amevaa viatu vya kushoto na kulia visivyofanana.

Siku ya pili Nassor alichelewa kurudi. Aliingia, akaosha uso, akaenda kulala. Siku ya tatu vile vile. Mimi sikuthubutu kuuliza. Siku ya nne, tukila chakula cha mchana, aliweka tonge chini.

"Mwandiko wako nnaujua tangu barua za uchumba," alisema.

Na mimi niliweka langu chini.

Waliomchukua Mwalimu walimwita yeye. Pale ofisini walikuwa na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za kizungu na hawakuwa na wa kuyasoma, wakamtaka karani wa forodha aliyetoka Unguja. Wakampa madaftari, moja baada ya jengine, siku zote hizo, mbele ya afisa, na Mwalimu amekaa kwenye kigoda pembeni.

"Umewaambia nini?" niliuliza.

"Nimewaambia ni kisa cha wapangaji wanaogombana na mwenye nyumba wao. Kurasa za mwisho nimeziruka. Nimesema wino umefifia." Akalichukua tonge, akalirudisha sahanini. "Mimi, Salma. Mimi nimesema uwongo mbele ya afisa."

"Na yeye?"

"Afisa kamuuliza nani ameandika. Kasema, mimi. Afisa kamtazama mkono, kamwambia, kwa mkono huu? Kasema, kwa huu mwengine. Wakampa kalamu. Mimi nikaamrishwa nimsomee mstari. Akauandika kwa mkono wa kushoto." Nassor aliyafuta macho yake kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Ule mwandiko wako, Salma. Mkia wa hiyo *g* unaourudisha nyuma. Nukta zako. Kama wewe uliyekaa pale. Afisa akalinganisha, akaridhika."

"Mwalimu hawezi kuandika."

"Basi mimi nimeona nini?"

Tulikaa na sahani baina yetu. Kisha Nassor akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwake. "Alinitazama mara moja tu. Niliposema wino umefifia, alitazama chini, akatikisa kichwa kidogo, kama kwamba nnakosea kusoma." Na baada ya hapo aliniambia nisivuke tena njia kwenda nyumba ile, na kwa miezi tisa sikuvuka. Chakula cha Bi Zuwena alikipeleka yeye mwenyewe Nassor, kila Ijumaa, bila ya kuniambia. Nilijua kwa kuwa sufuria zilikuwa zikipungua.

Mwalimu alirudi mwanzoni mwa mwaka wa sabini. Alikuwa amekonda, na masikio yake yamekuwa makubwa. Watu walikwenda kumpa pole, na Nassor akaniambia, "Nenda." Nilikwenda, na pole sikuitoa. Nilingoja wageni waondoke.

"Kumbe kalamu unaiweza," nilimwambia.

"Naiweza. Na mwandiko wako nimeutazama miezi saba."

"Umenikalisha hapa miezi saba, nnamdanganya mume wangu, na wewe kalamu unaiweza?"

Bi Zuwena alileta kahawa, akamimina, akakaa.

"Niliianza peke yangu, Unguja," alisema. "Niliandika yote, mwanzo mpaka mwisho. Wapangaji kumi na mmoja, na wote wakasema kama mimi. Dobi kasema kama mimi. Mtoto kasema kama mimi. Niliichana. Nilihitaji mtu wa kuniambia, dobi hasemi hivyo."

"Ungeniambia hatari yake tangu mwanzo."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Basi," alisema.

Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi ya yote, ile *basi* yake. Mtu aliyekaa miezi tisa gerezani ili jina langu lisitajwe ndiye huyo huyo aliyenitia ndani kwa uwongo, na yote mawili aliyafanya kwa uso ule ule. Aliniomba tuandike upya. Bata bado yupo. Nilimwambia hapana. Hakuomba tena, na mimi sikurudi kwake kwa miezi.

Katikati ya mwaka ule utawala ulibadilika. Watu walitoka nje, magari yakaongezeka, waliokuwa ng'ambo wakaanza kurudi, na ikasemwa kwamba itafunguliwa skuli ya wasichana na wanatafutwa wanawake wanaojua kusoma na kuandika. Nassor ndiye aliyeniletea khabari. "Nenda ukajaribu," alisema. Sikujua kama nikienda natakiwa niogope au nisiogope. Mwili ulikuwa haujapata taarifa.

Mahali penyewe palikuwa chumba kimoja kilichonuka chokaa mbichi. Nyuma ya meza alikaa afisa kijana, na pembeni yake, kwenye kiti kisicho na mikono, alikaa Mwalimu, aliyeitwa kupima wanaojua lugha. Sikuwa nimeambiwa. Aliniitikia salamu kama hanijui.

Afisa aliniuliza kwa Kiarabu nimesoma mpaka darasa gani. Nilimjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi yoyote ya kalamu.

"Hapana," nilisema. "Nashona kofia."

"Amewahi," alisema Mwalimu.

Nilimtazama, naye alikuwa akimtazama afisa.

"Ameandika kitabu kizima, pamoja na mimi," alisema. "Madaftari matano. Na nusu ya yaliyomo ni yake."

Afisa aliinua kichwa. "Kiko wapi hicho kitabu?"

"Mnacho nyinyi."

"Sisi nani?"

"Nyinyi mnaokaa upande huo wa meza."

Nje mtu alikuwa akipakua matofali, moja baada ya jengine. Mikono ya Mwalimu ilikuwa juu ya mapaja, wa kushoto juu ya wa kulia. Afisa alimtazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Alikuwa kijana sana. Sidhani alikuwa na miaka ishirini na mitano. Akavuta karatasi, akaigeuza, akaisukuma mpaka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Jumamosi unaweza kuanza?" aliuliza.

Nilisema naweza. Nikainama, nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu, taratibu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Afisa akaisoma, akaiweka juu ya nyengine, akamwita anayefuata.